Maji ya Kuogea Hawe

Sisi tuliosoma Ganze enzi za mradi wa kilimo, tukikutana leo hatuulizani alama. Tunaulizana, "Wewe maji uliyatoa wapi?" Kila mwanafunzi wa kidato cha nne alipewa tuta lake nyuma ya madarasa, apande, atunze, kisha aandike ripoti. Mwaka wetu mwalimu alichagua sukuma wiki, na mvua ikakataa kabisa. Tuta likikauka, huna cha kuandika, na alama za mtihani zimekwenda.

Bwawa lilikuwa mbali. Mama aliyapima maji kwa kikombe: ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga. Ya mradi hayakuwamo.

Hawe, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikuwa mgonjwa, hainuki ila kwa kushikwa. Ndiye aliyeamua. Alitaka aogeshwe akiwa amekaa ndani ya karai, maji yasimwagike, nami niende nayo shuleni. Hata sabuni aliikataa.

"Povu litachoma mboga za mwanafunzi," alimwambia mama. Mama alipobisha, akamkata kauli: "Naoga nisinuke tu, siendi harusini."

Tulicheka sana. Kila asubuhi nikajitwika dumu la maji yale, na sukuma zikashika rangi.

Yeye alitaka kitu kimoja tu, kuzionja. Uji ulikuwa umemshinda, nyama haitaki, lakini mboga zile aliziulizia kila niliporudi. "Mdzukulu wangu, hazijafika kuliwa?" Zilikuwa zimefika. Ila sheria ilikuwa jani lisichumwe mpaka mkaguzi wa mtihani apite, na mwalimu aliyajua majani ya kila tuta. Nilimwendea nikamwomba jani moja la mgonjwa. Alinitazama kwa huruma, akasema nivumilie, mkaguzi anakuja wiki hiyo. Hakuja. Wiki iliyofuata pia hakuja.

Hawe akafariki. Hanga, yaani matanga ya kwetu, lilijaa watu, na kila mama jirani alikuja na dumu lake la maji kichwani, kwani wakati wa kiangazi huendi msibani mikono mitupu ukawamalizia wafiwa maji yao. Mkaguzi alifika hanga limekwisha. Alipima, akasifu, akaondoka. Nilichuma zote siku ile ile. Mama akazipika, tukalizunguka sinia, na kwa muda mrefu hakuna aliyetangulia kutia mkono.

Ripoti niliiandika kwa hati nzuri. Penye sehemu ya matatizo niliandika kwamba maji yalikuwa haba. Mwalimu akapiga alama ya vyema, akafungua ukurasa mwingine.

Siku hizi naishi Kibarani, mjini Kilifi, na binti yangu naye ana mradi. Anafungulia bomba, anamwagilia mchicha huku akijipiga picha, na nusu ya ripoti ameandikiwa na simu. Ati amechoka! Namcheka, ingawa moyoni nashukuru kwamba yeye dumu halijui. Juzi alichuma majani ya kwanza, akayakaanga mwenyewe, akaniletea kwenye sahani. "Mama, onja." Machozi yakanitoka, naye akadhani amezidisha chumvi.

Enzi zetu mboga zilikuwa za mkaguzi kwanza. Hawe alizinywesha mpaka akaondoka, na hakuonja hata jani.