Viboksi Vinne vya Dhahabu

Jamani, acha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa Katekista: yule mama aliyechekwa na kanisa zima siku ya jubilei ya Sista ni mimi, Mama Neema wa stesheneri ya Chemchem, na nasema bila kuficha uso kwa sababu kisa hiki kina nusu ya pili.

Sista kwao ni India, huko Kerala, yuko nasi Tabora miaka ishirini na mitano na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi wenu (msinune). Mama yake ni kikongwe, anasoma Kimalayalam tu, na misa angeitazama kwa simu. Basi mama huyo akatunga mstari mmoja, mpwa wa Sista akauandika na kunitumia niuweke kwenye bango, ili katika kanisa lote kuwe na kitu kimoja ambacho bibi yule angeweza kukisoma.

Sista akaniambia, "Mama Neema, kabla hujachapa bango niletee karatasi niione." Nikaitikia, na sikupeleka. Mimi ninayechapia harusi mpaka za Igunga, nihangaike na karatasi? Nikafungua yale maneno kwenye kompyuta yangu (ya zamani, ila haijawahi kuniangusha), nikaona herufi za mviringo, nzuri, na katikati yake viboksi vinne vitupu. Nikajiambia hizi ndizo herufi zao kubwa, nikavitia rangi ya dhahabu.

Siku yenyewe nimekaa benchi la mbele na kitenge kipya, Katekista akaninong'oneza, "Vile viboksi ni nini?" Ningesema sijui yangeishia hapo, lakini mdomo huu! "Ni herufi ya heshima, Katekista. Wanaandikiwa watawa tu." Misa kwisha, mwenzangu Katekista kashika kipaza sauti anawatangazia waumini herufi ya heshima, vigelegele vikapigwa, na mimi (Mungu anisamehe) nikasimama nikapunga mkono.

Sista akaelekeza simu kwenye bango. Bibi akasema kitu, Sista akasita, Katekista akamsihi atufasirie.

"Mama anauliza, visanduku vile vitupu ni vya kuwekea nini?"

Kanisa likaangua kicheko, hadi padre. Sista hakucheka, alikuwa anafuta machozi, maana mama yake alikuwa ameshindwa kuyasoma maneno yake mwenyewe.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kazi niliyoiharibu siikimbii, nikamwendea nikamwambia, "Nisamehe, Sista. Niulizie kwa mpwa wako kosa liko wapi." Mpwa alikuwa amekaa na bibi huko huko, akaeleza, Sista akifasiri: ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake, na hii moja, iliyojirudia mara nne kwenye mstari wetu, zamani ilijengwa kwa vipande vitatu, herufi, alama ya kukata irabu, na kiungo kisichoonekana, baadaye ikapewa namba yake yenyewe, na kompyuta yangu, kwa uzee wake, haikuijua namba hiyo, ndiyo ikaweka kiboksi.

"Basi nitaijenga kizamani," nikasema.

Watu wanakula pilau, mimi niko juu ya bodaboda na kitenge changu. Dukani nikaijenga kipande kwa kipande kama mpwa alivyonielekeza, na herufi ilipochomoza na mkia wake nilipiga kigelegele peke yangu. Safari hii karatasi niliipeleka kwa Sista kwanza. Akaisoma, akaniitikia kwa kichwa, nikapanda ngazi mbele ya wale wale walionicheka, nikabandika herufi zangu nne juu ya viboksi.

Bibi, bado kwenye simu, akasoma kwa sauti, taratibu, mpaka mwisho. Sista akatufasiria, "Mwanangu, sikukupoteza. Nilikutoa kwa Mungu."

Hakuna aliyecheka tena, na Katekista alikuwa wa kwanza kutoa leso.

Bango lile liko kwa masista mpaka leo, na nionyesheni fundi mwingine, awe wa mtaa wetu wa Chemchem au wa Cheyo, aliyewahi kuijenga herufi ya Kimalayalam kwa mikono yake. Ila nimeapa, neno nisilolijua halitachapwa dukani kwangu kabla mwenye lugha yake hajalisoma. Watoto wa kwaya wakinipita siku hizi wananiamkia, "Shikamoo, Herufi ya Heshima."

Naitika marahaba, tena kwa sauti.