Boti Iliyopakwa Mafuta ya Papa

Watu hupenda kuniuliza nilisomea wapi kazi ya faiba. Sikusomea popote. Darasani nilikaa mpaka nikajua kuandika jina langu na kusoma maandishi ya kwenye makopo, kisha baba akanikabidhi nyundo na patasi ya kukalafati, nizibe nafasi za mbao za vyombo kwa pamba na mafuta, kama alivyofanya yeye na babake pale Msambweni. Hiyo ndiyo shule. Mwenye kutaka cheti anitazame mikono.

Uhuru ulipopatikana, mahoteli yalianza kuota Diani, na mahoteli yalikuja na boti nyeupe za faiba, zisizo na ubao hata mmoja wa kuonekana. Akaja pia fundi mgeni wa kuzitengeneza, nami nikaajiriwa kumshikia ndoo. Yeye hakujua Kiswahili na mimi sikujua lugha yake, kwa hiyo hakunifundisha. Nilitazama. Niliona anavyosugua kwa msasa mpaka vumbi linatuingia ngozini na kutuwasha usiku kucha. Niliona anavyotandaza kile kitambaa cha nyuzi za kioo, anavyokilowesha kwa gundi nzito kama asali, na jinsi anavyotia dawa kidogo ya kuigandisha gundi ile, maana ukizidisha inachemka mkononi na ukipunguza inabaki mlenda. Siku alipoondoka kwenda kwao, hoteli ilitazama kushoto na kulia ikamkuta mtu mmoja tu anayejikuna. Nikawa fundi.

Basi nilikuwa nimekwisha kupata jina Diani, mama mmoja wa Mwabungo akaja kunitafuta. Alisimama mlangoni pa banda langu, kanga kiunoni, akatazama boti zilizolala matumbo juu.

"Wewe ndiye unayetibu mabeseni?"

"Natibu boti, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo ulione langu kabla kaka yangu hajalipiga msumeno."

Njiani alinieleza. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye nyumba ufukweni. Bendera ilipobadilika, mzungu aliuza nyumba, akafunga sanduku, na boti yake kuukuu akamwachia mpishi. Marehemu aliivulia muda, mpaka siku moja ikagonga mwamba ikapasuka ubavuni, karibu na nyuma. Kabla hajaitengeneza akaugua, akafa. Tangu hapo boti ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mkanju.

Mama huyu alikuwa akikaanga samaki kando ya barabara. Kwetu samaki wakifika mchangani hugawanywa mafungu, na chombo chenyewe hupewa fungu lake kama mtu aliyevua. Mwenye chombo hula hata kama hakutia mguu majini. Wakati boti inavua, fungu la boti ndilo lililokuwa likiingia kwenye karai lake. Boti ilipolala, alinunua masazo ya wachuuzi, vidagaa na vichwa, na wateja wakaanza kumpita. Kakake, nahodha wa chombo cha mbao, alikwisha kumwambia azime moto wake ahamie kwake.

"Ana wake wawili na jiko moja," mama aliniambia. "Nikienda pale nitakuwa mgeni mpaka nizikwe. Fundi, nataka jiko langu. Boti ikisimama, jiko litasimama. Isiposimama, nahama."

Nilimwambia itasimama. Mimi si mtu wa kusema labda.

Kaka mtu alikuwa ameketi akitungoja chini ya mkanju, ndevu zimekolea hina. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, kisha akaigonga boti kwa kifundo cha kidole.

"Kijana, sikiza hiyo sauti. Hiki ni chombo au sufuria? Chombo huwa na mbao, mbao huwa na pumzi. Hiki hakina."

"Mjomba, nipe nafasi nikitibu."

"Nakupa. Ukikiziba kikakaa, nitakivulia mimi mwenyewe na vijana wangu, na fungu la chombo litakwenda kwa dada yangu. Kikivuja nakikata katikati. Upande mmoja watanywea mbuzi, wa pili nitafugia bata. Na dada yangu anakuja nyumbani. Sitaki watu waseme nimemwacha barabarani."

Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumtunza dadake, lakini alitaka amtunze mahali anapomwona.

Nilifanya kazi kama nilivyozoea. Nilisugua kandokando ya ufa, nikapangusa, nikatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, nikakilowesha kwa gundi. Ilikauka ngumu. Niliigonga, ikalia vizuri. Maji makubwa ya bamvua yalipojaa, wanaume wa Mwabungo walikuja kuishua boti, wakaisukuma kwa nyimbo mpaka ikaelea. Mama alikuwa mchangani, karai tupu kichwani, amekwisha kulileta.

Boti haikufika mbali. Kiraka kilianza kuinuka pembeni, kisha chote kikabanduka kama ganda la ndizi, kikaenda zake juu ya maji. Boti ikaanza kunywa.

"Fundi!" mtu mmoja akapiga kelele. "Kiraka chako kinaogelea kuliko boti!"

Walicheka mpaka wakashindwa kuvuta kamba. Mimi sikucheka. Tulipoirudisha mchangani, kaka mtu alikwisha kutuma msumeno uletwe. Aliuweka juu ya ukingo wa boti, akatafuta mahali pa kuanzia. Mama akapanda ndani ya boti, akakaa kwenye maji na kanga yake, karai mapajani.

"Kata, kaka. Utaanza na mimi."

"Shuka, dada, usinitie aibu mbele za watu."

"Mwenye msumeno ni nani, mimi au wewe?"

Wakati wanabishana niliingia majini nikakiokota kiraka changu. Upande wa ndani, uliotakiwa kung'ang'ana na boti, ulikuwa laini unang'aa. Gundi iliyoshika vizuri hutoka na nyama ya boti. Hii ilitoka peke yake. Nikanusa, sikusikia kitu. Nikanusa tena. Halafu nikafikiri: pua gani hii ninayoitegemea? Nikakigusa kiraka kwa ulimi.

Mafuta ya papa.

Sisi watu wa pwani hupaka vyombo vyetu mafuta ya maini ya papa, tukiyaita sifa. Bila hayo mbao hukauka, hupasuka, hulika. Harufu yake ni kali, mgeni huifunga pua. Lakini sisi tumezaliwa ndani yake. Iko kwenye nguo za baba zetu, kwenye kamba, kwenye mchanga. Mtu wa Mwabungo au wa Msambweni haisikii, kama asivyosikia harufu ya nyumba yake mwenyewe. Fundi mgeni wa hoteli angeinusa kutoka barabarani.

"Mjomba," nikasema, "boti hii umeipaka sifa?"

Alijinyoosha. "Nimeipaka! Tangu shemeji alipofariki, kila mwezi, nje na ndani. Ulidhani chombo hujitunza chenyewe?"

"Na ule ufa, uliufanya nini?"

"Niliishusha nikaizamisha kwenye mikoko, ishibe maji, mbao zivimbe zijifunge, kisha nikairudisha chini ya mkanju. Kila mtu anajua hivyo."

"Mbao gani, mjomba?"

Kumwambia mzee wa watu, mbele ya dada yake na vijana wake, kwamba boti imeuliwa na matunzo yake, si adabu. Nilimwambia. Nilimwambia faiba hainywi mafuta ikapona, inayanywa ikakataa dawa. Nilimwambia na maji aliyoishibisha yamo ndani mpaka leo.

"Kijana," alisema polepole, "mimi nimepaka sifa vyombo kabla mama yako hajaolewa. Sifa imeharibu chombo tangu lini?"

"Usinisadiki. Nipe mpaka kesho mchana, kisha uje na kisu chako."

Nilichukua vifuu viwili vya nazi. Kimoja nilikisugua kikavu. Cha pili nilikisugua vivyo hivyo, kisha nikakipaka mafuta ya mjomba mwenyewe kutoka kwenye debe lake. Vyote viwili nikavibandika kitambaa cha faiba na gundi, nikaviacha juani. Kesho yake alikuja na kisu, na nusu ya Mwabungo nyuma yake. Kwenye kifuu chenye mafuta alitia ncha ya kisu, kitambaa kikaruka. Kwenye kile kikavu alitia ncha, akasukuma, akakigeuza, akasukuma tena kwa kiganja. Ncha ya kisu ikakatika.

Aliiokota ncha, akaijaribisha mahali ilipokatika.

"Kisu hiki ni cha wahunzi wa Vanga," alisema. "Sasa unafanyaje?"

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Tuliigeuza boti kifudifudi. Tuliiosha kwa maji ya moto na sabuni ya mche, tukaisuuza, tukaiosha tena, kwa sababu ukianza kusugua kabla ya kuosha unayazamisha mafuta ndani zaidi. Kisha msasa, kwa mkono. Umeme haukuwepo. Mwanzoni vumbi lilitoka limeshikana, vidonge vidonge kama unga uliomwagikiwa mafuta. Niliendelea mpaka likawa jeupe linalopeperuka. Nilikuwa nikiimwagia maji kidogo: yakikaa matone matone kama juu ya jani la jimbi, mafuta bado yapo. Yakitandaa, hapo pamekubali. Mama alijifunza jaribio hilo siku ya kwanza, ikawa kazi yake. Alipita na kikombe akinionyesha nilipobakisha.

"Hapa, fundi. Na hapa. Usiniruke."

Nilipotoboa nyuma ya boti, kwenye ubao uliofichwa ndani ya faiba ili ubebe mashine, yalitoka maji meusi yenye uvundo wa makumbi ya nazi yaliyofukiwa. Ubao ulikuwa umeoza wote. Niliuchokoa kwa patasi, ukatoka kama tende. Nilimtazama kaka mtu. Hakuhitaji kuambiwa.

"Nitauchonga mimi," alisema. "Wa mbambakofi. Hapa hakuna anayenishinda tezo."

Ilikuwa kweli. Alituletea ubao uliokaa mahali pake kama uliozaliwa hapo, kingo zimelainika, hauna alama ya tezo. Na ulikuwa unang'aa. Unang'aa sana. Nikaugusa kwa ulimi.

"Mjomba!"

"Kidogo tu," alisema. "Nimeupitishia kitambaa. Nimeona unakwenda majini uchi."

Mama alicheka mpaka akaegemea mkanju. Kaka mtu alikasirika, kisha akatazama mkono wake, ule uliokuwa umepaka bila kumwuliza, naye akacheka. Akaenda kuchonga mwingine. Mama akalichukua debe la mafuta, akalitia chini ya kitanda chake, na kila kakake alipokuja kuonyesha ubao ulivyofikia, dada mtu alimkagua vidole kama mwalimu wa chuo cha Kurani.

Ubao wa pili ulikuja mkavu. Niliufunga ndani ya faiba, nikaziba ufa kwa tabaka pana, ndani na nje, kila tabaka likikutana na lenzake kabla halijakauka kabisa. Nilivuka kivuko cha Likoni kwenda mjini kutafuta gundi zaidi, maana sikutaka kupunguza. Nilipomaliza, niliipiga boti kwa nyundo pale penye kiraka, mbele ya kila mtu. Hakikutikisika.

Bamvua ikarudi. Safari hii watu wengi zaidi walikuja, wengine kwa ajili ya boti, wengine kwa ajili ya kicheko walichokitarajia. Kaka mtu aliuleta msumeno wake akauweka mchangani, ili ahadi iwe ahadi. Tukaishua. Yeye na vijana wake wakapanda, nami nikapanda nikakaa nyuma kabisa, juu ya kiraka changu. Kama kingetoka, kingetoka nami. Tulikwenda mpaka kwenye mwamba, wakavua, tukakaa huko mpaka maji yakaanza kupwa. Nahodha alikuwa akipitisha kiganja chake kwenye sakafu ya boti kila baada ya muda mfupi. Kikawa kinatoka kikavu. Alimkuta kijana mmoja ameshika upo wa kumwagia maji, akamnyang'anya akauweka chini ya kiti.

"Unamwaga nini?" alimwuliza. "Unaona maji hapa?"

Tuliporudi, samaki walimwagwa juu ya makuti, nahodha akagawa. Changu na tafi upande huu, pono upande ule, fungu la huyu, fungu la yule. Mama alisimama na karai lake. Mwisho kakake akaweka fungu la chombo peke yake, pembeni.

Mama aliinama, akaligeuza kwa kidole.

"Ongeza."

"Dada, hilo ndilo fungu la chombo."

"Chombo changu kimelala na njaa tangu marehemu afe. Ongeza."

Watu wakaangua kicheko. Nahodha akatoa pono mmoja kwenye fungu lake mwenyewe akamweka juu. Mama akapakia kila kitu, akajitwika, akaanza kupanda kwenda barabarani. Alipofika penye msumeno alisimama, akauokota kwa mkono uliobaki.

"Huu nao nakwenda nao," alisema bila kugeuka. "Sina kuni za kutosha, utanikatia."

Mimi nilimfuata. Sikuwa nimeambiwa nisije, na mafuta ya kukaangia yasingekawia kupata moto.