Jenereta ya Moshi

Juzi, dukani Karatu, nilimkuta mkulima mmoja wa Oldeani akichagua jenereta kuukuu kwa ajili ya harusi ya bintiye. Zilikuwa mbili. Ya kwanza iliwaka mara moja kamba ilipovutwa. Ya pili ilikohoa, ikatoa moshi, ikawaka mwenye duka akiwa amelowa jasho.

"Nipe hii ya moshi," alisema mkulima.

"Mzee wangu, si uchukue ile nzima?"

"Mnadani sinunui ng'ombe kabla sijajua ugonjwa wake. Wa hii nimeuona. Ile bado inanificha."

Mwenye duka alinigeukia, kana kwamba mimi najua. Niliinama, nikamweka sawa mwanangu mgongoni.

Mume wangu anasema mkulima yule ana akili. Mimi namwaza bibi harusi, amekaa gizani akisikiliza kamba ikivutwa.