Mafuta ya Gobore, Mafuta ya Mtoto

Mume wangu alikuwa na gobore, na mimi nilikuwa nikiliita mke mwenza. Nilikuwa na haki! Mke gani anasuguliwa kila jioni, anafunikwa kwa kitambaa safi, halafu mwingine anaachwa na masufuria yake? Alikuwa akicheka tu. Lilikuwa gobore la kibali, la babake, na kazi yake ilikuwa kufukuza nyani na nguruwe pori kwenye mahindi yetu huku Nemba.

Kabla ya wakimbizi kuvuka mpaka nyani walikuwa wachache. Makambi yalipojaa kule Ngara, watu wale maskini wakakata miti wapate kuni na vijumba, kama ambavyo ningefanya mimi, na wanyama wakatafuta pa kwenda. Wakaja kwetu. Basi gobore likawa halipumziki, na hapo ndipo matatizo ya mafuta yalipoanza.

Gobore ni la kushindilia. Baruti inaingia kwanza kwa mdomo wa mtutu, kisha risasi iliyofungwa kitambaa, na kitambaa hicho lazima kipakwe mafuta ili kiteleze. Mafuta mabaya, risasi inakwama njiani, na nyani wanakutazama tu wakila mahindi yako. Alijaribu mafuta ya ng'ombe. Asubuhi za baridi yaliganda. Akajaribu samli yangu, tena bila kuniomba, mwizi yule, na sisimizi wakalivamia gobore mpaka nikafurahi. Akapewa oili chafu na dereva mmoja wa malori ya Rusumo. Ikanuka hata nyani wakamjua kabla hajafika shambani. Akanunua mafuta ya kopo, yale ya msaada yaliyozagaa sokoni. Yale ndiyo yalikuwa balaa kabisa. Baada ya siku chache yalinata kama ulimbo.

"Mama," akaniambia, akitazama juu ya kitanda chetu, "yale yangefaa."

Nilijua anatazama nini. Ilikuwa chupa ya mafuta ya nyonyo, imening'inizwa kwa kamba. Mama mkwe alikaanga mbegu zile za mbarika mwenyewe, akatwanga, akachemsha, akaengua mafuta taratibu siku nzima, kwa ajili ya mwanetu aliyekuwa na miezi michache. Nilikuwa nimeshazika mtoto mwingine kabla yake. Huyu nilimshika kwa mikono miwili. Na mama mkwe alikuwa ameniusia: mafuta ya mtoto hayatumiwi kwa kitu kingine, hata mama yake asijipake.

"Thubutu!" nikamwambia. "Mpelekee mke mwenza wako mafuta ya kwao."

"Tone moja tu."

"Hata harufu sikupi."

Akacheka, akambeba mtoto, akamnusa shingoni kwa nguvu. "Basi nimechukua harufu," akasema. Mtoto naye akacheka, kicheko kile cha kifuani ambacho mpaka leo nakisikia.

Homa ilimjia mvua zilipoanza. Tulimpeleka zahanati, tukarudi naye na dawa, akanyonya kidogo, tukapata moyo. Kesho yake alfajiri alikuwa amelegea mikononi mwangu, na kabla jua halijatoka vizuri akawa hayupo. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliyesema hivyo alikuwa ameujua, maana hakuongeza neno.

Matanga yakaisha, watu wakaondoka, chupa ikabaki juu ya kitanda. Kila nikilala naiona. Siku moja niliikata kamba, nikampelekea mume wangu uani.

"Chukua."

"Hapana, mama."

"Chukua, nakuambia! Unataka niyamwage? Nimpake nani sasa?"

Akayapokea. Alilipaka gobore polepole, mtutu mpaka kitako, na machozi yakimshuka ndevuni bila yeye kuyafuta. Tangu siku hiyo alipaka na vitambaa vya risasi, na risasi haikukwama tena. Mahindi tulivuna. Lakini kila alipolitoa, nyumba nzima ilinuka mwanangu, nami nilitoka nje nikajifanya napepeta.

Kisha ikaja amri kwamba silaha zote zipelekwe ofisi ya kata, hata zenye kibali, kwa sababu bunduki zilikuwa zimezagaa na watu wanavamiwa njiani. Tulikwenda pamoja. Sikutaka aende peke yake. Askari alilipokea gobore, akapitisha kidole kwenye mtutu, akashangaa.

"Mzee, mengine yote hapa yana kutu. Hili umelipaka nini?"

"Nyonyo, afande. Mafuta ya mtoto."

Askari akacheka, kijana wa watu, hakujua. "Ya mtoto! Na mtoto mwenyewe unampaka nini, oili chafu?"

Mume wangu akasema, "Udongo, afande."

Askari akanitazama mimi, akavua kofia, akaliegemeza gobore ukutani kwa mikono miwili, mbali kidogo na mengine.

Tulirudi kwa miguu. Mume wangu kila mara alikipeleka puani kiganja alichobebea gobore, anakishusha, anakipeleka tena. Mwanzoni nilikasirika, nikidhani analilia gobore lake. Kisha nikaelewa, nikasimama katikati ya njia.

"Nipe na mimi," nikamwambia.

Akanipa mkono, nikanusa.