Suruali ya Mzee Lothar

Torbjørg amewalinda watalii wasiliwe na dubu kwa miaka thelathini na moja, na hakuna kinachomuudhi kama kuambiwa apumzike. Msimu huu nahodha wa meli yetu amemwambia mara mbili. Mara ya pili Torbjørg alimwaga kahawa yake baharini akaondoka. Mimi ndiye ninayeendesha boti la mpira linalowapeleka watalii ufukweni, kwa hiyo hasira zake huniangukia mimi.

Jana tuliwashusha watu kumi na wawili Svalbard, visiwa vya barafu kaskazini mwa Norwe, waoge kwenye maji ya barafu. Wamelipia. Sisi wa huku hatuogi humo hata tukilipwa sisi. Mlinzi hujaza risasi bundukini akishakanyaga nchi kavu, na Torbjørg alikuwa nazo mkononi pale Mzee Lothar, Mjerumani mwenye kitambi, alipoomba wapige picha.

"Haya, fanya haraka, babu. Na kiuno changu ukiache."

Wakavua, wakaingia majini, wakapiga mayowe. Dubu akatokea nyuma ya kilima, anatembea polepole kama mwenye nyumba.

"Botini! Wote!" Torbjørg akapaza sauti.

Wakaja mbio na chupi zao, isipokuwa Lothar, aliyerudi kuchukua suruali.

"We mzee, achana na suruali!"

"Ina miwani yangu!"

Torbjørg akaenda kusimama kati yake na dubu, bunduki begani. Zilibaki hatua thelathini. Akarusha fataki, dubu akasita kidogo, akaendelea kuja. Lo! Lothar akaitupa suruali, akakimbia, Torbjørg akirudi kinyumenyume nyuma yake. Dubu akainusa ile suruali, akaibeba, akaenda zake.

"Nahodha akome sasa kukwambia upumzike," nikamwambia tulipofika mbali.

Torbjørg alielekeza mtutu baharini, kama tufanyavyo siku zote, akafungua bunduki atoe risasi. Hamna kitu. Akatia mkono mfukoni. Zote nne zilikuwa humo, tangu ile picha.

"Nyamaza tu," nikamnong'oneza. "Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona."

Melini, Lothar alikuwa akidai miwani yake. Torbjørg akampita, akaingia kwa nahodha.

"Kuanzia leo napumzika."

"Leo? Leo umeokoa watu kumi na wawili!"

Torbjørg akampangia risasi nne mezani, moja moja, akamweleza zilikuwa wapi.