Mjomba wa Salumu

Kila Jumatano kinamama wetu wakulima na kinamama wa wafugaji wa ng'ambo ya mto walipima watoto zahanati, kwa mzani mmoja. Nesi Felista alipanga hivyo makusudi. Ng'ombe walikuwa wamekula mahindi yetu mara mbili, na wanaume hawakusalimiana tena.

"Kulwa wako mzito kama ndama," dada yangu Mwajuma, mjamzito, alimtania mama mmoja mfugaji.

"Wako akizaliwa mwembamba kama bua, mlete nimnyonyeshe, mtani!"

Mwajuma alijifungua wiki ile ile, akatokwa damu, akafa. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, maduka ya Morogoro yamejaa maziwa ya kopo, lakini hatukuyamudu. Mama Kulwa alikuwa amefiwa na Doto, pacha wa pili, na maziwa bado anayo. Nesi akambeba kichanga chetu, Salumu, akavuka naye mto.

"Wakinyonya ziwa moja ni ndugu," aliniambia. "Tuanzie hapo."

Baba aliona aibu mjukuu wake kunyonyeshwa na wafugaji. Aliwaambia watu mtoto yuko Mgeta kwa bibi yake.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Mjomba wa Salumu nilikuwa mimi tu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mkimya hata vijana wakaniita bubu.

Kisha jirani yetu alikutwa shambani amekatwakatwa. Asubuhi wanaume walikusanyika na mapanga na mafuta ya taa.

"Kuna mtu wetu ng'ambo?" mzee mmoja aliuliza.

Baba alitazama chini. Mimi nilifungua mdomo.

"Leo bubu anahutubia!" kijana mmoja alisema. Wakacheka.

Nikaufunga.

Wakavuka.

Moshi ulipanda. Nilikimbilia zahanati.

Salumu alikuwa mikononi mwa nesi. Mama Kulwa alikuwa amemleta akikimbia, akamnyonyesha amesimama, akamwacha. "Wakinikuta naye watasema nimemwiba," alimwambia nesi.

Wafugaji walihama na ng'ombe wote. Bonde zima halikuwa na maziwa. Tulimpa uji mwepesi, akaharisha. Nesi alihangaika naye siku nane. Ya tisa tulimzika.

Kifo cha jirani walilaumiwa wafugaji. Cha Salumu hakuna aliyeulizwa.

Sijui kama kusema kwangu kungewazuia. Huenda wangenisukuma kando, wakavuka vilevile. Lakini wangevuka wakijua.