Kucha za Mkono wa Kulia

Baba yangu hakuosha hata sahani moja maisha yake yote. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kucha ndefu, alizokuwa akizipiga msasa laini kila asubuhi, maana ndizo zilizopiga gitaa lililotulisha. Mama aliosha vyombo, akafua, akafungua hata vifuniko vya chupa. "Mwacheni bwana mkubwa," alikuwa akisema, nasi tukicheka. Kumbe hakuwa akitania.

Penzi lake la kweli lilining'inia ukutani: luti, babu yake gitaa, tumbo limefura kama nusu boga. Yeye, kabla ya kuoa, luti aliipiga kwa nyama ya vidole, bila kucha. Lakini angezikata, zingechukua miezi kuota tena, na shule ya muziki alikofundisha gitaa isingemngoja. Basi akawa anaipangusa vumbi tu. "Nikistaafu," alisema.

Mimi nilikuwa na ombi moja: anifundishe. Nikiwa na miaka saba, mkono wangu ulikuwa mdogo mno. Nikiwa na kumi na miwili, yeye alikuwa amechoka. Kutwa kafundisha watoto wa watu. Nilikuwa nikisimama nje ya darasa lake nikiwasikia wakisifiwa, na niliwachukia wote. Mganga hajigangi, wanasema. Sawa, lakini mimi sikuwa yeye. Nilikuwa mwanawe.

Alistaafu, na siku hiyohiyo akazikata kucha. Wiki tatu nyumba ilijaa sauti ambayo mama hakuwahi kuisikia. Wiki ya nne kiharusi kikamnyang'anya mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi.

Siku moja aliomba nimwekee luti mapajani.

"Kaa hapa, mwanangu. Mimi nitapiga, wewe bonyeza hapo shingoni."

"Nibonyeze wapi, baba?"

"Si palepale pa siku zote. Unapajua."

"Sipajui, baba. Hukunifundisha."

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Kisha akapiga nyuzi tupu, zisizobonyezwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka vidole vikachoka.

Mazikoni wanafunzi wake walijaa mpaka barabarani. Mmoja alisema marehemu hakufa, kaacha mamia wanaopiga kama yeye. Watu wakaitikia kwa vichwa. Niliingia jikoni nikamkuta mama kwenye karo, anaosha vyombo walivyolia chakula.

"Angalia kucha zako," aliniambia niliponyoosha mkono kumsaidia.

Safari hii sikucheka. Nilimpokea sahani.